Kibali Kimefutwa, Mwisho wa Kesi Haujafutwa

Kila Mahakama ya Rufani inapomaliza kikao chake hapa Mwanza na majaji wakaondoka, mji hubaki na sentensi moja inayotembea kutoka kwenye vibanda vya steshenari vya karibu na mahakama hadi kwenye vijiwe vya kahawa vya Mabatini na Igoma: "Wameikataa rufaa yangu." Anayeitamka huwa na faili la plastiki kwapani, na ndani ya faili hilo huwa na karatasi za miaka kumi. Ukimsikiliza vizuri utagundua kwamba sentensi hiyo imebeba malalamiko matatu kwa mpigo. La kwanza ni kwamba mahakama haikutaka kumsikiliza. La pili ni kwamba kilichokataliwa ni haki yake yenyewe. La tatu, ambalo limepata nguvu mpya miaka hii ya karibuni, ni kwamba lazima uko mlango mwingine, kwa sababu sheria ilibadilishwa mwaka 2023 na ile habari ya kuomba kibali cha kukata rufaa ikafutwa, kwa hiyo sasa kila mtu anaruhusiwa kwenda mbele mpaka atosheke.

Hilo la tatu ndilo linalowamaliza watu fedha, na ndilo lililonifanya niandike. Mabadiliko ya mwaka 2023 yalipanua mlango wa kuingilia katika Mahakama ya Rufani. Mlango wa kutokea hayakuugusa. Kanuni inayomzuia mtu kurudisha mahakamani jambo lililokwisha kuamuliwa ipo palepale, na kwa maoni yangu inastahili kubaki, kwa sababu anayelindwa nayo ni mtu ambaye simulizi za vijiweni hazimtaji kamwe: yule aliyeshinda. Mara nyingi huyo ndiye mnyonge kati ya wawili hao. Zipo kesi ambazo kanuni hiyo huumiza isivyo haki, na nitazieleza bila kuzipunguzia uzito, lakini nazo ukizichunguza utakuta jeraha lilipatikana chini kabisa, kwenye baraza la ardhi au Mahakama ya Mwanzo, siku ambayo hakuna aliyejua kwamba ndiyo siku kubwa ya kesi nzima.

Tuanze na kilichobadilika. Kabla ya Desemba 2023, mtu aliyeshindwa Mahakama Kuu katika mashauri mengi ya madai hakuweza kwenda Mahakama ya Rufani moja kwa moja. Alitakiwa kwanza kuomba kibali Mahakama Kuu, na akinyimwa huko aliweza kujaribu tena mbele ya Mahakama ya Rufani yenyewe. Maombi hayo yalikuwa kesi ndani ya kesi, yenye viapo vyake, mapingamizi yake na tarehe zake za kuahirishwa, na mtu aliweza kutumia miaka akibishana kama anaruhusiwa kubishana. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Sekta ya Sheria, Namba 11 ya mwaka 2023, iliirekebisha Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, ikaliondoa hitaji hilo, na kuanzia tarehe 1 Desemba 2023 rufaa hizo zikawa haki ya mhusika. Ulikuwa uamuzi wa busara na ulichelewa. Lakini mengine yalibaki yalivyokuwa. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa bado inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo iwasilishwe, ukiondoa muda wa kuandaa nakala za mwenendo kwa aliyeziomba kwa utaratibu. Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui kabisa: mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo bado yanahitaji hati ya Mahakama Kuu inayothibitisha kwamba ndani yake kuna hoja ya kisheria inayostahili kufika kwa majaji wa rufani. Sasa fikiria mashauri mengi ya mirathi ya Kanda ya Ziwa huanzia wapi. Nyumba ya marehemu pale Nyakato, ng'ombe wa marehemu kule Kwimba, mitumbwi na nyavu zilizoachwa Ukerewe, vyote hivyo kwa kawaida hugawanywa kwa sheria za kimila au za Kiislamu, na mlango wake ni Mahakama ya Mwanzo. Mtoto wa marehemu anayeambiwa na kishoka, yule mwandishi wa nyaraka anayejifanya wakili, kwamba "kibali kimefutwa, wewe lipa tu tuandike" anauziwa mlango usiokuwepo.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Kijiweni tuna neno moja, "kukataliwa", mahali ambapo mahakama ina maneno manne au matano yasiyofanana. Rufaa inaweza kuondolewa kwa sababu ililetwa vibaya: imechelewa, haina nyaraka fulani, au hati iliyoambatanishwa ina kasoro. Rufaa ya namna hiyo haijaamuliwa, na aliyeileta anaweza kuirekebisha na kurudi, mradi bado yumo ndani ya muda au ameongezewa muda. Rufaa inaweza kutupwa, maana yake majaji wamezisikiliza hoja, wamezipima, wakaona hazina msingi. Hapo jambo limekwisha. Hati ya hoja ya kisheria inaweza kunyimwa kwa sababu mwombaji ana malalamiko juu ya ushahidi tu, na ushahidi ulishapimwa ngazi tatu chini. Na maombi ya mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iipitie upya hukumu yake yenyewe, yanaweza kugonga mwamba. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo cha kusini mwa nchi yetu, ilieleza kwamba rufaa isiyokidhi masharti haiwezi kutupwa, kwa kuwa kutupa kunamaanisha kwamba rufaa halali ilikuwepo na imeshughulikiwa. Isiyo halali huondolewa tu. Uamuzi huo una zaidi ya miaka 60 na mawakili hawajaacha kuunukuu. Nimemwona mtu nje ya mahakama akilia kwa ajili ya rufaa iliyoondolewa, akiamini amepoteza kila kitu, na mwingine akitabasamu, ameshalipia maombi mapya, wakati karatasi iliyo mkononi mwake inasema waziwazi kwamba rufaa imetupwa. Wote wawili walikuwa wameambiwa neno lilelile, kwamba imekataliwa.

Habari za nje huongeza mkanganyiko. Tunasoma kwenye simu kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imekataa kusikiliza rufaa ya fulani, kwa mstari mmoja, bila sababu, na tunadhani mahakama zote za juu ndivyo zifanyavyo. Kule mahakama ina hiari: hupokea maelfu ya maombi kila mwaka, husikiliza yasiyofika 100, na ombi hupita wakilikubali majaji 4 kati ya 9. Kukataa kwao hakusemi lolote juu ya usahihi wa hukumu ya chini. Mahakama yetu ya Rufani haina anasa hiyo. Rufaa iliyoletwa sawasawa lazima isikilizwe na majaji wasiopungua 3, na uamuzi wao una sababu zake. Mtu wa Mwanza ambaye rufaa yake imetupwa anaweza kusema hakukubaliwa. Kusema hakusikilizwa ni jambo jingine.

Kanuni yenyewe imo katika kifungu kimoja cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyotungwa mwaka 1966, na mawakili huiita kwa Kilatini res judicata. Kwa lugha nyepesi inasema kwamba mahakama isisikilize shauri ambalo jambo lake kuu lilikuwa ndilo jambo kuu la shauri lililotangulia, kati ya watu walewale au wanaodai kupitia kwao, kwa haki ileile, mbele ya mahakama yenye mamlaka, na likaamuliwa hadi mwisho. Meno ya kanuni hii yako mahali pawili. Kwanza ni pale inaposema "wanaodai kupitia kwao". Baba akishindwa kesi ya kiwanja, mwanawe anayekidai kwa sababu kilikuwa cha baba hawezi kuanza upya kwa jina lake, hata awe na wakili mpya na ramani mpya. Pili ni katika maelezo yanayofuata kifungu hicho, yanayosema kwamba hoja ambayo mhusika aliweza na alipaswa kuitoa katika kesi ya kwanza itahesabiwa kuwa ilitolewa. Hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu hudai leo umiliki. Akishindwa, kesho hudai kwamba jirani amevamia eneo lake. Akishindwa tena, keshokutwa hudai fidia ya miembe aliyoipanda na ukuta alioujenga. Kwake yeye ni kesi tatu. Kwa sheria, ikiwa zote zinasimama juu ya swali la nani mwenye kiwanja, ni kesi moja iliyobadilisha shati mara tatu.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia, kwa sababu katika mijadala hii aliyeshinda huwa hana sauti. Mama mmoja jirani yetu huku Buhongwa, mjane, alishinda kesi ya kiwanja dhidi ya shemeji yake kwenye baraza, na akashinda tena Mahakama Kuu. Mwaka ule aliposhinda mara ya pili alifyatua tofali za saruji, akazipanga vizuri pembeni mwa kiwanja, akaweka na kifusi cha mchanga. Kabla msingi haujachimbwa ikaja kesi mpya kwa jina la kijana wa shemeji, na pamoja nayo amri ya zuio la muda. Tofali zikakaa. Nilikuwa nikipita pale kila wiki: zilianza kuota ukungu wa kijani upande usiopigwa jua, mstari wa chini ukazama kwenye tope, mchanga ukasombwa na masika mawili, na watoto wa mtaa wakachukua tofali nne kuwa magoli. Kesi ile ilipotupwa kwa kuwa ni jambo lililokwisha kuamuliwa, ikaja ya tatu, nayo ikatupwa. Siku aliponipa habari hiyo ya mwisho hakushangilia. Aliniuliza tu mfuko wa saruji siku hizi ni shilingi ngapi.

Ukiutazama mfano huo kwa upande wa gharama, utaona kwa nini nasema kanuni hii ni kinga ya mnyonge. Kufungua kesi ya pili na ya tatu ni anasa ya mwenye nacho. Kila wito unaobandikwa mlangoni kwa aliyeshinda unamgharimu nauli, siku ya kazi, na wakili au mtu wa kumwandikia majibu. Kwa mama anayeuza dagaa Kirumba, siku tatu za mahakamani ni mtaji umekwenda. Kama mlango usingefungwa popote, ushindi ungekuwa wa yule anayeweza kupumua kwa muda mrefu zaidi. Na katika mji kama huu, ambao ardhi tambarare ni ya kugombania kati ya mawe na maji, mashauri ya zamani hayalali usingizi mzito. Barabara ikipita, kesi hufufuka. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na sitashangaa iwapo viwanja vya ng'ambo zote mbili ambavyo wenyewe walikuwa wameshavisahau vitaanza kuletewa wadai wenye kumbukumbu mpya kabisa.

Hata hivyo hoja yenye nguvu ya upande wa pili siwezi kuipita, kwa sababu naiamini kwa sehemu kubwa. Inasema kwamba mwisho wa kesi ni halali pale tu ambapo mwanzo wake ulikuwa halali, na kwa watu wengi wa huku mwanzo huo ni mbovu. Mvuvi wa Ukara akikosa usafiri siku moja, kesi yake husikilizwa upande mmoja. Nyaraka zake huandikwa na kishoka asiyejua tofauti ya rufaa na mapitio. Hukumu nyingi za ngazi za juu bado huandikwa kwa Kiingereza, ingawa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo anapokea karatasi inayoamua maisha yake na kwenda kumtafuta mwalimu wa sekondari amsomee. Akichelewa, anatakiwa aeleze kila siku aliyochelewa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba hata siku moja ina hesabu yake. Katiba, katika ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 Bunge liliongeza katika sheria lengo la jumla la kutenda haki kwa wepesi na gharama nafuu, lakini mahakama zikaeleza kwamba lengo hilo haliwezi kutumika kuponya kila uvunjaji wa kanuni za lazima. Mvuvi anayeangalia haya yote ana sababu ya kuona kwamba mlango haukufungwa baada ya yeye kusikilizwa. Ulifungwa akiwa bado yuko majini.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho linalofungiwa humo, kwamba basi mlango ufunguliwe tena. Duru ya pili ikiruhusiwa kwa ajili ya mvuvi, haitamfikia mvuvi kwanza. Itamfikia kwanza mwenye mitumbwi anayegombana naye, ambaye ana wakili, ana nauli, na ana muda. Kila unafuu wa kurudi mahakamani hugawanywa kwa kipimo kilekile ambacho ujuzi na fedha viligawanywa tangu awali, na kwa hiyo dawa ya kesi iliyoanza vibaya ikiwekwa juu, wanaoifikia ni wale ambao kesi zao zilianza vizuri.

Hoja ya pili ni ya makosa: majaji ni binadamu, na kosa haligeuki kuwa sahihi kwa kugongwa muhuri. Ni kweli, na sheria inalijua hilo, ila imeuchagua mlango mwembamba. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinaruhusu mapitio ya hukumu kwa sababu tano pekee: kuwepo kwa kosa la dhahiri katika kumbukumbu lililoleta uonevu, mhusika kunyimwa isivyo haki nafasi ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia isiyo halali, kwa udanganyifu au kwa ushahidi wa uongo. Maombi huletwa ndani ya siku 60, na yakishaamuliwa hayaletwi mengine katika shauri hilo. Kosa la dhahiri nalo limefafanuliwa kuwa ni lile ambalo mtu anayepita mbio huku akisoma angeliona. Likihitaji kutafutwa kwa hoja ndefu, basi hilo ni la rufaa, na rufaa imekwisha. Asiyekuwa mhusika wa kesi, ambaye ardhi yake imeamuliwa bila yeye kujua, ana njia ya kuomba marejeo, yaani kuiomba mahakama ya juu iuchunguze uamuzi huo. Kwa sehemu kubwa naona mpangilio huu ni wa haki. Mahali pamoja nina shaka: udanganyifu haujitangazi ndani ya siku 60. Hati ya mauziano iliyoghushiwa inaweza kugundulika baada ya miaka mitano, shahidi anapougua na kuungama, na ingawa aliyedhulumiwa anaweza kuomba kuongezewa muda, kumtaka ahesabu siku moja moja tangu tarehe ya hukumu hadi tarehe ya ungamo ni kumpa hesabu isiyo yake. Kwa sababu hii moja ningependa saa ianze kuhesabiwa siku udanganyifu ulipojulikana.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, nayo ni kwamba "mbele" hakuna mwisho. Ina sura tatu. Sura ya kwanza ni msemo wa "jinai haiozi", ambao watu huubeba na kuupeleka mahali ambapo haukuumbwa kwenda. Madai huoza, dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na lililoamuliwa lina mwisho hata kabla ya miaka hiyo. Sura ya pili ni Arusha. Mtu huambiwa kwamba akishindwa kwa majaji wa rufani kuna mahakama mbili za kimataifa pale Arusha, na kwamba hizo ni kubwa zaidi. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki si ngazi ya rufaa ya mahakama zetu. Inaangalia kama nchi mwanachama imekiuka Mkataba wa Jumuiya, na malalamiko yanatakiwa yafike ndani ya miezi 2. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo imekuwa ikisema haikai kama mahakama ya rufaa, na tena tangu tarehe 22 Novemba 2020 mwananchi wa kawaida hawezi kufungua shauri jipya huko moja kwa moja dhidi ya Tanzania, kwa kuwa serikali iliondoa tamko lililomruhusu. Unaweza kulilaumu tamko hilo kuondolewa, nami nalilaumu. Lakini anayempokea mjane au mvuvi fedha leo kwa ahadi ya kumpeleka Arusha anauza kiwanja cha ziwani kilicho chini ya maji.

Sura ya tatu ni bango. Mkutano wa kiongozi ukitangazwa, kwenye viwanja vya Furahisha au kwingineko, utaona maboksi yaliyoandikwa kwa kalamu nzito, na mengi ni ya kesi zilizokwisha. Simlaumu anayelibeba, amezoea kuona kwamba kiongozi akinyoosha kidole, mambo husogea. Lakini Katiba katika ibara hiyohiyo ya 107A inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki katika Jamhuri ya Muungano itakuwa ni Mahakama, na kiongozi anayemwambia mkuu wa wilaya "mrudishieni kiwanja chake" juu ya hukumu iliyopo anamvua mtu mwingine ambaye hakuja mkutanoni, kwa kuwa yeye aliamini amemaliza. Njia pekee halali ya serikali kuingia baada ya mahakama kusema ni ile ya jinai, yaani msamaha wa Rais. Wengi wanawakumbuka wanamuziki wawili, baba na mwana, walioachiwa tarehe 9 Desemba 2017 baada ya rufaa yao na maombi yao ya mapitio kushindikana. Msamaha ule uliwatoa gerezani, hukumu haukuifuta. Katika kesi ya kiwanja hata hicho hakipo, kwa sababu kumsamehe mmoja ni kumnyang'anya mwenzake.

Watu husahau pia kwamba mwisho unamfunga hata aliyeshinda. Hukumu ya madai ina miaka 12 ya kukaziwa. Mshindi anayeiweka sandukuni akingoja mdaiwa ajirekebishe mwenyewe anaweza kuamka siku moja ana karatasi nzuri isiyo na nguvu. Vilevile kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji, mpaka iombwe na kutolewa amri ya kuusimamisha. Laiti jirani yangu wa Buhongwa angelijua hilo mapema, huenda angelichimba msingi wake kabla zuio halijafika. Sheria ya kufunga mlango, kwa hiyo, ina haraka kwa pande zote mbili, na asiyeijua haraka hiyo huumia akiwa mshindi au mshindwa.

Hapo ndipo napaona pa kufanyia kazi, na si pa juu. Ikiwa kwa kweli kesi ya ardhi huamuliwa siku mashahidi wanapoulizwa maswali kwenye baraza la ardhi la wilaya, na ya mirathi siku ya kwanza Mahakama ya Mwanzo, basi msaada wa kisheria unaotolewa kwenye mahema baada ya hukumu unafika msibani. Unatakiwa pale mtu anapojaza fomu ya madai, ili aambiwe aweke hoja zake zote, umiliki, uvamizi na fidia ya miembe, kwa sababu asiyoiweka leo itahesabiwa kuwa aliiweka na ikashindwa. Na siku ya hukumu unatakiwa uwepo utaratibu mzito zaidi kuliko ule mstari mmoja ambao mahakimu huufunga nao karatasi, "haki ya rufaa imeelezwa". Mstari huo unabeba siku 30 kwa aliyetoka Mahakama ya Mwanzo, siku 45 kwa aliyetoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu, na kila kitu nilichoandika hapa. Ungeweza kuwa karatasi moja ya Kiswahili, yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa tarakimu, jina la ofisi ya kupeleka, na sahihi ya aliyeipokea.

Yule bwana aliyekuwa akilia nje ya mahakama nilimwomba anionyeshe hukumu yake ya kwanza kabisa, ile ya chini. Aliifunua kwa uangalifu, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, na mstari ule ulikuwepo mwishoni, juu ya muhuri. Nilimuuliza ni nani alimweleza hiyo haki ya rufaa, na alimweleza nini. Akaniambia kwamba siku hiyo, hakimu alipofika pale mwishoni, yeye alikuwa ameshatoka nje kwa hasira.